Karata, Mabomu na Kikokotoo: Vidude Vilivyokuja Bure na Kompyuta

Shikamooni wakubwa, vijana mambo vipi. Waandaaji waliniambia nichague mada yoyote ya kompyuta, nadhani walitegemea nitakuja na akili mnemba kama kila mtu siku hizi, mimi nimekuja kuongelea Karata. Ndiyo, ile Solitaire. Na kikokotoo, na Notepad, na lile gemu la mabomu ambalo nusu yenu humu mlikuwa mnabofya bofya tu bila kujua zile namba zinasema nini. Cheka tu dada pale nyuma, tunajuana.

Hoja yangu ni moja. Vile vidude tulivyoviona vya kupotezea muda vilibeba kazi nzito ya mfumo mzima, na mara nyingi hakuna mkubwa aliyekaa ofisini akapanga iwe hivyo, vilianza na mtu mmoja aliyeboreka au aliyechoshwa na bosi wake halafu mfumo ukavipa kazi baadaye.

Tuanze na Apple kwa sababu huko bosi alikuwa Steve Jobs, mnamjua. Macintosh ya kwanza ilitoka Januari 1984 ikiwa na memori ya kilobaiti 128, yaani picha moja ya simu yako leo haiingii mle. Ndani yake kulikuwa na vidude vya mezani: kikokotoo, saa ya alamu, daftari, na kale kamchezo ka kusogeza namba 1 mpaka 15 mpaka zikae kwa mpangilio. Kijana aliyepewa kikokotoo ni Chris Espinosa. Kila akimpelekea Jobs mchoro, Jobs anakataa, mara mistari minene, mara vitufe vikubwa, kesho yake kingine. Espinosa akachoka, akaandika programu ambayo kila kitu kinabadilishwa kwa menyu, unene wa mistari, ukubwa wa vitufe, nakshi ya nyuma, akamwambia bosi karibu, jichoree mwenyewe. Jobs akakaa kama dakika kumi, akapata anachotaka, na kikokotoo kile kikadumu kwenye Mac karibu bila kuguswa mpaka miaka ya mfumo wa Mac OS 9. Nyie mnaofanya kazi na wateja wasiojua wanataka nini, hiyo dawa andikeni pembeni.

Na kale kamchezo ka namba nusura katupwe, maana kalikula kilobaiti 6 na nafasi haikuwepo. Andy Hertzfeld, mmoja wa waandika programu wa Mac, akakaandika upya, kakatoka na baiti 600 hivi. Sababu ya kukatoa ikafa hapo hapo.

Sasa Windows. Toleo la kwanza la 1985 lilikuja na gemu moja, Reversi, na kiukweli halikumsisimua mtu. Kilichobadilisha mambo ni Windows 3.0 ya Mei 1990, ndiyo iliyoleta Solitaire. Mmeshasikia watu wakisema Microsoft waliiweka makusudi kufundisha watu mausi, kushika karata, kuburuta, kuachia. Stori nzuri sana, ila aliyeiandika ni Wes Cherry, mwanafunzi aliyekuwa pale kwenye mafunzo ya kazi kiangazi cha 1988, na mwenyewe anasema aliiandika kwa ajili yake tu kwa muda wake, alikuwa ameshanogewa na gemu kama hilo kwenye Mac chuoni wakati wa kusoma mitihani. Hakuwa na mtaala wowote kichwani. Hakulipwa hata mrabaha! Gemu ambalo limekaa kwenye kompyuta za dunia nzima, mwenye nalo hajala hata senti ya kila nakala. Karata zenyewe alizichora Susan Kare, yule yule aliyechora ikoni za Mac ya kwanza, na kama ulikuwa mtundu unakumbuka ule mgongo wa karata wenye minazi na ufukwe, ukisubiri jua linakutolea ulimi.

Cherry alikuwa ameweka na kitufe cha bosi. Bosi akipita unakibonyeza, skrini inageuka jedwali la Excel la uongo, uko bize na hesabu za ofisi. Microsoft wakamwambia akitoe. Mimi naona walikosea kukitoa, maana mwaka 2006 meya wa New York, Michael Bloomberg, alipita ofisini, akaona Solitaire kwenye skrini ya mfanyakazi wa jiji, jamaa akafukuzwa kazi. Kitufe kingemwokoa yule!

Lakini kufundisha, ilifundisha kweli, hata kama haikupangwa, na hapa kwetu mashahidi wamejaa ukumbini. Nani hapa alisoma kozi ya kompyuta ya mtaani, ile ya Windows, Word na Excel na cheti kinachotundikwa ukutani? Mikono naiona. Mtu mzima anashika mausi kwa mara ya kwanza mkono unatetemeka, kishale kinakimbilia kona ya skrini, ukimwambia aburute faili anaogopa ataharibu kompyuta ya watu. Mwalimu mwenye akili alikuwa anamfungulia karata. Karata anazijua tayari, kopa ni kopa na shupaza ni shupaza, hamna cha kuharibu hapo, baada ya saa moja anaburuta huku anapiga stori. Hakuna kitabu cha maelekezo kingefanya hivyo.

Twende kwenye ile ninayoipenda mimi zaidi, FreeCell, mchezo mwingine wa karata. Windows 3.1 ilikuwa ya biti 16, yaani inashika data kwa vipande vidogo kuliko mifumo ya biti 32, na Microsoft walitoa kifurushi kinaitwa Win32s ili programu za biti 32 ziweze kukimbia humo humo. Sasa mtu wa kawaida ameinstoo, atajuaje kama imekaa sawa? Wakaweka FreeCell ya Jim Horne ndani ya kifurushi. FreeCell ikifunguka, biti 32 zinafanya kazi, isipofunguka rudia. Basi, kipimo cha mitambo kimevaa nguo za gemu. Hearts, nayo ya karata, ilikuja 1992 na Windows ya ofisi zenye mtandao, unacheza na wenzako wa vyumba vingine, na ilikuwa onyesho la kwamba kompyuta zinaongea, kila mtu alielewa bila semina.

FreeCell ilikuwa na migawo yenye namba, yaani mipangilio ya karata za kuanzia, 1 mpaka 32000, na maelezo yake yalisema inaaminika kila mgawo unafungika, yaani unaweza kushindwa na mchezaji, ingawa haijathibitishwa. Ukiandika hivyo unawachokoza watu. Mwaka 1994 na 1995 watu wakagawana migawo yote kwenye intaneti, wakacheza mmoja mmoja, kwa mkono, yote ikafungika kasoro mmoja, namba 11982. Kompyuta zikaja baadaye kuhakiki, kweli, ule haufungiki.

Mabomu, yaani Minesweeper, nalipita kidogo ingawa lina mambo. Liliingia Windows 3.1 badala ya Reversi, na Bill Gates mwenyewe lilimkamata. Mwaka 2000 mwanahesabu Richard Kaye wa Birmingham alionyesha kwamba kujua kama ubao uliopewa unawezekana ni katika yale matatizo magumu kabisa ya hesabu za kompyuta, kwa hiyo ukishindwa usijilaumu sana. Ila Italia kuna watu walilalamika, wakasema mabomu ya ardhini yanakata watoto miguu huko duniani, nyie mnayafanya mchezo? Windows Vista ya 2007 ikaja na chaguo la maua badala ya mabomu. Wengine waliwacheka. Mimi siwacheki, maana Morogoro hapo kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine ndipo shirika la APOPO linapofundisha panya buku kunusa mabomu, na panya hao wamefanya kazi Msumbiji, jirani yetu, ambayo ilitangazwa kuwa huru na mabomu mwaka 2015. Kwa hiyo sisi kufagia mabomu tunakujua, na hakuna kubofya mara mbili.

Lile gemu la mpira wa pinball, Space Cadet, kwenye Windows XP je, mbona lilipotea? Raymond Chen wa Microsoft alieleza. Walipolihamishia kwenye biti 64, mpira ukawa mzimu, unapita katikati ya kila kitu mpaka unadondoka chini. Kodi, yaani maandishi ya programu yenyewe, ilikuwa ya kampuni nyingine, imeandikwa miaka mingi nyuma, haina maelezo hata ya kusingizia, wakakodoa macho wee wakashindwa, wakaitoa. Programmer uliyeko humu unayesema maelezo utaandika kesho, umesikia. Baadaye watu wa nje waliifumua wenyewe na leo inacheza hadi kwenye Linux, ule mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows.

Notepad nayo kwa kifupi: mpaka 2018 ukiifungulia faili lililotoka Linux, mistari yote inaungana kuwa mmoja. Programu rahisi kuliko zote, na hicho kikachukua miaka zaidi ya 30.

Windows 8 mwaka 2012 magemu yakaondolewa, Windows 10 yakarudi na matangazo, na ilipotoka mwaka 2015, kama hukutaka matangazo ulilipa dola 1.49 kwa mwezi. Kwa karata! Zile zile za mwanafunzi wa fildi ambaye hakulipwa. Hapo ndipo mimi hasira zinanipanda jamani, maana kile kitu kilikuwa mahali pekee kwenye kompyuta ambapo hakuna mtu anakudai chochote, umefungua mashine mpya, huna bando, huna barua pepe, unacheza. Haki yao Microsoft naona waipate kwa kikokotoo cha Windows, kodi yake waliiweka wazi Machi 2019, yeyote anaichukua, na kwa kijana anayejifunza kuandika programu ni shule kamili, humo kuna jinsi ya kushika namba kubwa bila kukosea. Kabla ya kurekebishwa, ukitoa 2 kwenye kipeuo cha pili cha 4 kilikuwa kinakupa kinamba kidogo ajabu badala ya sifuri.

Kwenye meza pale nimeweka laptop ya Linux, ina AisleRiot, michezo ya karata zaidi ya 80, FreeCell imo, na haihitaji intaneti. Anayetaka akae wakati tunaendelea na maswali. Haya, kaka wa shati la bluu, anza wewe.