Kumwaga oili mwenyewe Marekani: kwa nini gari moja naenda nalo kwa dila na jingine nalilalia chini

Wadau habari zenu, na wakubwa wote shikamooni. Leo hakuna maduka wala maghorofa. Leo mnaniona na ovaroli, niko kwenye gereji ya nyumbani hapa pembeni mwa Minneapolis, Minnesota, na hiyo nyuma yangu ni Toyota Camry ya mwaka 2014, injini ya lita 2.5. Imepandishwa, inamwagwa oili.

Kwenye video iliyopita niligusia tu kwamba oili namwaga mwenyewe, komenti zikajaa. "Kwani huko mafundi hakuna?" "Kaka, umeishiwa?" Mama mmoja akaandika, "Pole mwanangu, Mungu atakufungulia njia." Ahsante mama, dua nimeipokea, ila hali haijafikia huko.

Mafundi wapo, tena wengi. Kilicho ghali huku ni mkono wa mtu. Dar unanunua galoni yako ya lita nne pale Ilala au Gerezani, fundi anamwaga palepale barabarani, unampa cha maji, na pengine duka linakumwagia bure kwa kuwa umenunua kwao. Huku kwa dila, yaani wakala rasmi wa kampuni ya gari, bei ya kazi kwa saa moja sehemu nyingi imeshapita dola 150. Kumwaga oili ya sintetiki peke yake kwa gari kama hili utatoka na dola 80, 100, hata zaidi kidogo. Mimi nanunua jagi la kwoti tano, ambalo ni kama lita 4.7, kwa dola 25 hadi 30. Filta dola saba au nane. Jumla haifiki 40.

Sasa msikimbilie kusema nimeokoa dola 60 kila mara. Jeki, stendi zake, beseni la kukingia, spana ya kufungulia kikombe cha filta, glovu, hivyo vyote nimenunua. Mara mbili tatu za kwanza hujaokoa kitu, umelipia vifaa. Na mtu akikuonesha hesabu yake bila vifaa na bila Jumamosi yake iliyopotea, huyo anakupiga kamba. Pesa ipo, lakini ni ndogo kuliko wanavyojisifu wanaume kwenye makundi ya WhatsApp.

Kinachonileta chini ya gari ni kingine: nataka kujua kilichoingia humu ndani. Kuna sehemu nilienda zamani, ya kumwaga haraka haraka, jina silitaji. Bolti ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, waliikaza kwa mashine mpaka nilipokuja kuifungua nilihitaji bomba la kurefusha spana. Bolti hii, angalieni, ni ya spana namba 14 tu. Inatakiwa kukazwa niutoni mita 40 (kipimo cha nguvu ya kukazia), basi, hata mkono mmoja unatosha. Ukikaza kwa hasira unakula nyuzi za sampu, na sampu mpya si dola 40 tena.

Ngoja nishushe kamera muone. Gari nimeiwasha dakika chache, oili ipate uvuguvugu ishuke vizuri, isiwe ya moto ya kuunguza. Limekaa juu ya stendi mbili, na matairi ya nyuma nimeyawekea vigingi. Hapa sitanii: usiingize hata bega chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Jeki ni ya kunyanyulia, si ya kushikilia. Kama nyumbani huna stendi, mpe fundi kazi yake, mimi sitaki kesi.

Bolti imetoka, oili inashuka, nyeusi kama kawaida. Hii wosha yake, kipete kinachokaa kati ya bolti na sampu, natupa, naweka mpya, senti chache tu, ndiyo inayozuia kudondosha. Filta ya injini hii si kopo la bati kama la Corolla za zamani. Ni karatasi inayokaa ndani ya kikombe cha plastiki, na oringi zake, pete za mpira za kuzuia kuvuja, zinakuja kwenye boksi la filta. Kikombe chenyewe kimeandikwa niutoni mita 25. Watu wa haraka haraka hawasomi, wanakaza mpaka plastiki inapasuka, au wanaacha oringi ya zamani inavuja. Jina lake siliweki hapa, lakini kuna mwenzetu kikombe chake kilipasuka, akaambiwa "gari lako ni la zamani." Eti la zamani!

Oili inayoingia ni 0W-20, kwoti 4.6, yaani lita 4.4. Mlio nyumbani mmeona tatizo? Galoni yenu ya lita nne haitoshi Camry hii. Unahitaji na lita moja ya pembeni, halafu unapima kwa kijiti, unaongeza kidogo kidogo. Usimwachie fundi akwambie "zinatosha bosi" huku kijiti hakijachomolewa.

Na hili la namba ndilo lenye mambo. Hiyo 0 mbele ya W inahusu baridi. Januari hapa kunaweza kushuka chini ya nyuzi 20 za hasi, na oili nzito asubuhi inakuwa inajivuta wakati injini inaililia. Dar hamna shida hiyo, ya kwanza haiwasumbui sana. Ya pili ndiyo muiangalie, hiyo 20 au 30, maana ndiyo uzito wa oili injini ikishachemka. IST, Passo, Vitz, vigari vyote hivyo vya Japani vina VVT-i, mfumo unaobadilisha wakati wa valvu za injini kufunguka, na VVT-i inaendeshwa na presha ya oili inayopita kwenye vinjia vyembamba mno. Kisha mtu anamimina 20W-50 kwa sababu baba yake aliimimina kwenye Peugeot 504. Someni kitabu cha gari. Kama ni cha Kijapani, namba za oili zimeandikwa kwa tarakimu za kawaida, utaziona.

Feki je? Huku sijakutana nayo kwenye duka kubwa, nyumbani ndiyo ugonjwa. Kopo lifunguliwe mbele yako, lakiri ikiwa nzima. Ukimaliza, toboa kopo au ondoka nalo, kwa sababu makopo matupu yanarudi sokoni yamejaa.

Narudi kwa dila, nisije nikaonekana nawachukia. RAV4 ya mke wangu ni mpya, na hiyo sigusi. Toyota hapa Marekani wanatoa huduma ya bure ya miaka 2 au maili 25,000, kipi kitangulie. Bure, jamani! Nilale sakafuni ya nini? Nampelekea, nakunywa kahawa yao, naondoka. Kumbukumbu inaingia kwenye mfumo, siku ya kuuza mnunuzi anaiona. Na kama kuna kifaa ambacho kiwanda kimetangaza kina kasoro, wanaona kwa namba ya chesi, wanabadilisha bila malipo.

Ila mtego upo, na uko kwenye karatasi. Wanakuita, wanakuonesha karatasi yenye kijani, njano na nyekundu. Filta ya hewa iko njano. Filta ya kabini, ya hewa mnayovuta ndani ya gari, nyekundu. "Tunapendekeza" kusafisha njia za mafuta. Anayekupendekezea mara nyingi analipwa kwa kamisheni, hilo lijueni. Filta ya hewa wanataka dola 60, wakati dukani ni kama 20 na inafunguliwa kwa vidole, vibanio viwili tu. Kumwaga oili ndiko chambo, faida iko kwenye rangi zile. Mimi nasema "leo oili tu, ahsante", halafu karatasi naichukua, nakagua mwenyewe nyumbani. Na kuna siku nyekundu yao ilikuwa ya kweli, breki za mbele zilikuwa zimeisha. Kwa hiyo isome, usiitupe.

Vijana mliofika karibuni huwa mnatishwa kwamba ukimwaga mwenyewe waranti imekufa. Si kweli. Kuna sheria ya mwaka 1975, Magnuson-Moss, kampuni haiwezi kukunyima waranti kwa sababu tu hukumwaga kwao. Lakini utunze risiti za oili na filta, na uandike tarehe na maili. Bila risiti wewe na wao mtabishana, na wao wana mawakili.

Wengine mtauliza kila baada ya umbali gani. Kitabu cha Camry hii kinasema maili 10,000 kwa 0W-20, karibu kilomita 16,000, kama unaendesha kawaida. Mimi namwaga kwa 5,000, kwa sababu safari zangu ni fupi na baridi ni kali, injini haichemki sawasawa. Nyumbani kuna vumbi na foleni ya Ubungo, msinifuate kwenye hiyo 10,000 hata kidogo.

Imebaki hii nyeusi kwenye beseni. Huku kuimwaga chini au kwenye mtaro ni kosa, na mamlaka ya mazingira, EPA, wanasema oili ya gari moja inaweza kuharibu maji safi galoni milioni moja. Naimimina kwenye jagi hili hili tupu, naipeleka AutoZone, duka la vipuri, wanapokea bure. Nyumbani najua inapakwa kwenye mbao za kenchi kuzuia mchwa. Sawa, mchwa wanakimbia, lakini isiwe karibu na kisima, na watoto wasiichezee.

Mlio Nairobi, Mombasa, Mwanza, niandikieni hapo chini fundi wenu anachukua ngapi na mnatumia namba gani ya oili. Dada wa Bujumbura aliyeuliza kuhusu oili ya giaboksi ya otomatiki, nimekuona, hiyo nitaifanyia video yake. Ngoja niwashe injini, nichungulie kama kuna tone chini ya sampu, kisha gari nilishushe.