Karagosi wa waya wa Kicheki: mchonge, kisha mpe sauti

Karibuni tena. Leo tunachonga karagosi, ila huyu si wa watoto. Ni wa aina waliyozunguka nayo wasanii wa Bohemia, Ucheki ya leo, katika karne ya 19: mchana mkokoteni unaingia kijijini, usiku jukwaa linasimamishwa kilabuni, na walipaji ni watu wazima, bia mkononi.

Anza na kichwa. Wao walipenda mti wa linden. Wewe tafuta mbao yoyote laini isiyopasuka ovyo. Pua na taya zitie chumvi. Mwanga wao ulikuwa mishumaa na taa za mafuta, uso wa kiungwana ungemezwa na giza.

Sasa sogea uone. Natoboa kutoka utosini hadi shingoni, napitisha waya mnene. Ncha ya chini naikunja iwe ndoano, inashika pete ya kiwiliwili. Juu, naufunga kwenye mpini. Usibadilishe waya huu kwa uzi! Uzi unakupa karagosi anayelegea kama mlevi. Waya, ukizungusha kiganja tu, naye kageuka.

Mikono, uzi mmoja mmoja hadi kwenye mpini. Magoti na nyonga, vipande vya ngozi. Miguu iache ining'inie, ila iwe mizito: wangu wa kwanza alikuwa anaelea kama jini, mpaka nilipompigilia misumari minene kwenye nyayo.

Rangi na nguo utajua mwenyewe. Twende kwenye sauti, maana hapo ndipo wengi hukwama.

Mchezaji mmoja alisemea wahusika wote. Matěj Kopecký, aliyezaliwa 1775 na kufariki 1847, ndiye maarufu kuliko wenzake. Waliigiza kwa Kicheki wakati ofisi za serikali ya Austria, iliyoitawala Bohemia, zilitumia Kijerumani, basi kijiji kilisikia wafalme wakiongea lugha ya nyumbani. Mfalme mvutie maneno, mazito, kama anayesoma hukumu. Kašpárek, yule mchekeshaji, aongee haraka kama utingo wa daladala.

Zoezi letu linatoka kwenye Doktor Faust, mchezo ambao hata Smetana, mtunzi mkubwa wa muziki wa Kicheki, aliuandikia muziki wa ufunguzi mwaka 1862. Faust ameuza roho yake. Kašpárek, mtumishi wake, kagundua maneno mawili tu: akisema "perlike" shetani anatokea, "perlake" anatoweka.

Mshike Kašpárek mkono wa kushoto, shetani wa kulia. Perlike, mshushe. Perlake, mpandishe. Anza polepole. Perlike, perlake, perlike... ongeza kasi, na kila akishuka mwinamishe kidogo zaidi, kama aliyechoka kuitwa. Nyuzi zikisokotana usisimame. Mwache Kašpárek amtukane shetani huku wewe unazifungua.