Kupima majani ya mwarobaini dhidi ya uvimbe

Habari zenu watazamaji. Leo tunapima kama kiini cha majani ya mwarobaini kinapunguza uvimbe kwa panya wa maabara. Kabla hujamgusa panya hata mmoja, uwe na kibali cha kamati ya maadili, na kipimo cha sumu kiwe kimeshafanyika. Kama huna, simamisha video hapa ukashughulikie hilo kwanza.

Majani tumeyaanika kivulini mpaka yakawa yanavunjika kwa vidole. Tukayasaga, tukayaloweka kwenye ethanoli siku tatu, tukachuja, tukaivukiza ethanoli yote. Kilichobaki ni hiki hapa: kizito, kijani kinachokaribia weusi, kinanata kwenye kijiko.

Chukua panya wa gramu 150 hadi 200, sita kila kundi. Kundi la kwanza linanyweshwa maji yaleyale tuliyochanganyia kiini, la pili indomethasini, dawa inayojulikana ya kupunguza uvimbe, miligramu 10 kwa kilo ya uzito, na matatu yaliyobaki kiini: miligramu 100, 200 na 400 kwa kilo. Huyu ana gramu 180, kwa hiyo dozi ya 200 kwake ni miligramu 36.

Kazi nyingi huharibikia hapa, tazama vizuri. Chora mstari wa wino kwenye kifundo cha mguu wa nyuma. Zamisha mguu kwenye maji ya pletismomita, kifaa cha kupimia ujazo wa mguu, mpaka kwenye mstari, usipitilize, kisha soma na uandike. Baadaye ukizamisha zaidi kidogo tu, umeshatengeneza uvimbe ambao haupo. Na anayesoma asijue panya ni wa kundi gani. Daftari la makundi mimi humwachia mwenzangu.

Saa moja baada ya dawa, mchome chini ya ngozi ya unyayo wa mguu huohuo mililita 0.1 ya karajinani ya asilimia 1, ndiyo itakayouvimbisha. Karajinani hutoka kwenye mwani mwekundu, jamii moja na ule wanaoulima akina mama wa Paje na Jambiani.

Pima kila saa, hadi saa ya tano. Mwanzoni uvimbe huletwa zaidi na histamini na serotonini, kemikali za mwili wenyewe. Kufikia saa ya tatu kemikali nyingine za mwili, prostaglandini, ndizo zinazotawala, na hapo indomethasini huonyesha nguvu. Kwa hiyo kiini kikiwa kimya saa ya kwanza, usikitupe.

Tuseme kundi la maji limevimba mililita 0.80, la kiini 0.48. Toa, gawa kwa 0.80, zidisha kwa 100: uvimbe umezuiwa kwa asilimia 40.

Muda wote huo mguu unamuuma, mtandikie maranda laini.