Orodha ya Majina Kwanza, Mishumaa Baadaye

REHEMA: Karibuni. Leo tunazungumzia namna ya kuandaa mkusanyiko wa jioni wa kuwakumbuka waliouawa katika ukatili wa majumbani na kuwaenzi manusura. Kaka Salim, wengi wakipanga shughuli hii wanaanza na jukwaa na mishumaa.

SALIM: Na hapo ndipo wanapopotea. Kazi ya kwanza ni orodha ya majina, nayo ianze wiki sita hadi nane kabla. Jina haliingii kwa sababu tu lilitajwa kwenye taarifa ya habari. Linaingia familia ikikubali. Na uangalie ni familia ipi, dada, maana mtuhumiwa akiwa mume, upande wa mume nao watasema sisi ndio wenye marehemu.

REHEMA: Kwa hiyo anaulizwa nani?

SALIM: Wazazi wake, ndugu zake wa tumbo moja, watoto wake kama ni watu wazima. Kama ni wadogo, muulize anayewalea. Unataka kujua jina linatamkwaje, na ni jina lipi hasa, kwa sababu wengine walishaacha kutumia la mume. Uliza kuhusu picha. Halafu uliza kama kuna kesi. Kesi ikiwa bado iko mahakamani, linasomwa jina tu, basi. Ukimtaja muuaji jukwaani umempa wakili wa utetezi cha kushika, atasema mashahidi wamelishwa maneno.

REHEMA: Hata kesi ikiwa imekwisha, mimi nasema namna alivyouawa isitajwe. Mtoto wa marehemu amekaa mstari wa mbele. Sema alikuwa fundi cherehani, alikuwa mwalimu, alipenda kuimba.

SALIM: Na wasomaji wawe wawili, wapokezane, tena wafanye mazoezi kwa sauti. Mpe kila jina sekunde sita pamoja na kimya chake. Majina arobaini ni dakika nne tu! Watu wanadhani itachosha, wanayakimbiza, na familia iliyosubiri mwaka mzima inasikia jina la mtu wao likipita kama tangazo la kituo cha basi.

REHEMA: Tuje kwenye tarehe. Wengi wanachukua Novemba 25. Siku hiyo mwaka 1960, dada watatu wa familia ya Mirabal, Patria, Minerva na María Teresa, waliuawa huko Jamhuri ya Dominika kwa kupinga utawala wa dikteta Rafael Trujillo. Umoja wa Mataifa uliitangaza siku ya kimataifa ya kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake mwaka 1999. Ndiyo inayofungua zile siku 16 za kupinga ukatili, hadi Desemba 10.

SALIM: Tarehe nzuri, ila wanasaikolojia na washauri nasaha ndio wanagombaniwa kipindi hicho. Usipowashika mapema utabaki na mshereheshaji na spika, na mtu akianza kulia hadi kukosa pumzi hakuna wa kumpokea. Washauri wasipungue wawili: mmoja ukumbini, mmoja kwenye chumba cha utulivu.

REHEMA: Chumba hicho kiwe na mlango wa pili wa kutokea.

SALIM: Lazima. Tutarudi hapo.

REHEMA: Manusura anayezungumza je?

SALIM: Dakika tano hadi saba, aandike, aisome kwanza mbele ya mshauri. Aliyetoka kwenye nyumba ile juzi usimpandishe jukwaani hata akitaka mwenyewe. Kipindi cha kuondoka na miezi inayofuata ndicho cha hatari zaidi, ndipo vitisho vinapogeuka mauaji. Aandike, asome mtu mwingine bila kutaja jina. Na yeyote aliyekubali ana haki ya kughairi hata akiwa ameshafika ngazi ya jukwaa. Kwa hiyo weka wimbo wa akiba kwenye ratiba, na mshereheshaji asiombe radhi wala asieleze.

REHEMA: Kuna waandaaji wanaowavisha kitambulisho chekundu wasiotaka kupigwa picha.

SALIM: Hilo ni kosa! Umewaonyesha kwa kidole. Anayewatafuta sasa anajua amtazame nani. Geuza: mvishe aliyekubali kupigwa picha, na asiye na alama asipigwe. Mpiga picha awe mmoja, kamera ielekee jukwaani tu. Mkirusha mbashara, kamera ifungwe kwenye tripodi, isigeuzwe kwa waliohudhuria hata wakisimama wote. Na maegesho nayo yasionekane, namba ya gari inatosha kumpata mtu.

REHEMA: Na karatasi ya mahudhurio pale mlangoni?

SALIM: Ichaneni. Wafadhili wakitaka idadi, mtu asimame mlangoni ahesabu.

REHEMA: Sasa ule mlango wa pili. Mtesaji akitokea.

SALIM: Hutokea, na mara nyingi anakuja mtulivu, amevaa vizuri, pengine na maua mkononi. Ndiyo maana kila manusura aulizwe kabla kama kuna mtu asiyetaka kumwona, na watu wawili wa mlangoni wapewe hiyo taarifa kwa mdomo, isiandikwe popote. Akionekana, asizomewe wala kusukumwa. Mmoja anamsogelea na kumkalisha kwa mazungumzo, wa pili anamtoa manusura kupitia chumba cha utulivu. Kuita polisi kunafuata alichopanga manusura. Kama ana amri ya ulinzi kutoka mahakamani, nakala iwepo mkononi.

REHEMA: Ukimfokea hadharani?

SALIM: Hasira hiyo hailipwi na wewe uliyefoka. Italipwa usiku, na mwingine.

REHEMA: Utepe wa zambarau, ile alama ya kupinga ukatili wa majumbani. Kipande cha sentimita 15 hadi 18, unakikunja kitanzi, unakibana kwa pini. Hilo kila mtu analijua. Kinachosahauliwa ni kikapu mlangoni wakati wa kutoka. Yupo mwanamke anayerudi kwenye nyumba ileile usiku huo, na utepe ukionekana kwenye gauni ni maswali hadi alfajiri. Mshereheshaji aseme tu, "Tepe tunazirudisha kikapuni," kama utaratibu wa wote.

SALIM: Vivyo hivyo vipeperushi. Namba ya msaada iandikwe kwenye kikaratasi kidogo kisicho na kichwa cha habari, kikae ndani ya vyoo, vya wanawake na vya wanaume. Mtu anakipata akiwa peke yake, anainakili au anaikariri.

REHEMA: Kuhusu maonyesho, kuna yale maumbo mekundu ya mbao yenye kimo cha mtu yaliyoanzia Minnesota, Marekani, mwaka 1990. Yalikuwa 27, kila moja la mwanamke aliyeuawa, la mwisho likiwa la waliouawa bila kuhesabiwa. Mwaka huohuo kule Cape Cod, hukohuko Marekani, zilitundikwa fulana 31 kwenye kamba, zimeandikwa na manusura wenyewe.

SALIM: Maumbo ya plaiwudi yanaanguka upepo ukipiga, weka mfuko wa mchanga nyuma ya kila mguu. Fulana ziandikwe siku za kabla, mshauri akiwepo, na jina la mtesaji lisiandikwe. Kuhusu mishumaa sina mengi: ndani tumia ya betri, nje weka kikombe cha karatasi cha kuzuia upepo na nta isimwagike vidoleni.

REHEMA: Na kesho yake?

SALIM: Waliozungumza na familia wapigiwe simu, halafu tena baada ya wiki. Lakini kwa namba na saa waliyoichagua wao. Akipokea mtu mwingine, mpigaji awe na sababu waliyokubaliana, labda oda ya nguo. Ujumbe wa sauti usiachwe. Picha nazo zipitiwe moja moja na watu wawili kabla ya kwenda mtandaoni, wakitazama hasa zile sura za nyuma, zilizoingia kwa bahati mbaya.