Kiazi Hakina Sukari

Shikamooni wazee. Vijana, habari za mchana. Wewe wa nyuma unayepiga picha sufuria yangu, tulia, humo hamna piwa, yaani gongo. Ni kilo 2 za viazi vya West Kilimanjaro, vimechemshwa na kupondwa, na mwiko umesimama wima katikati kama mlingoti wa bendera. Naomba huo mwiko muuangalie. Tutaurudia.

Nimeitwa niseme habari za kutengeneza mvinyo mkali wa viazi. Baadhi yenu mmeshanisikia mara tatu nne hapa hapa Moshi, na mnajua naanzia wapi. Kiazi hakina sukari. Kina wanga, na hamira haili wanga. Ukiitilia hamira kwenye wanga mtupu inakaa na njaa yake kama mgeni aliyewekewa mahindi mabichi mezani.

Juzi juzi kijana kaja nyumbani na chupa. "Shikamoo Mwalimu. Onja hii, ya viazi tupu." Sikuonja. Nikamuuliza, viazi kiasi gani? Kilo 20. Ukavifanyaje? Nikachemsha, nikaponda, nikatia maji, nikatia hamira. Halafu? Akaanza kuangalia viatu vyake. "Halafu sukari kidogo, Mwalimu." Kidogo ngapi? "Kilo 10."

Nikamwambia vuta kiti, tufanye hesabu. Katika kiazi, sehemu kubwa ni maji, karibu robo tatu hadi nne kwa tano. Wanga ni kama kilo 3 katika hizo kilo 20. Hata ungeugeuza wote ukawa sukari, ungepata spiriti tupu lita moja na nusu, au mbili ukibahatika. Na wewe hukugeuza hata chembe! Kilo 10 za sukari ya dukani zinaweza kukupa lita 5 na zaidi. Kwa hiyo chupa yako ni gongo ya sukari iliyopita karibu na viazi. Ulichofanya ni kumnyima ng'ombe chakula chake. Akasema, "Lakini Mwalimu, ilitoa povu siku nne." Ndiyo, baba, sukari hutoa povu. Ungeweka matofali badala ya viazi, povu lingekuwa lile lile.

Nasikia mtu anaguna kwamba Wazungu wanatumia viazi na inawezekana. Inawezekana, nani amekataa? Mwaka 1746 kule Sweden mama mmoja, Eva Ekeblad, alionyesha namna ya kupata unga na mvinyo kutoka kwenye viazi, na mwaka 1748 akawa mwanamke wa kwanza kuingizwa kwenye Akademia ya Sayansi ya nchi ile. Wapolandi wana vodka ya viazi mpaka leo. Lakini waulizeni wazee wao wa vijijini, au wale wa Ayalandi waliopika poitín, gongo yao, kwa kujificha, kwenye pipa la viazi walitia nini? Kimea. Kimea cha shayiri, yaani shayiri iliyooteshwa ikaanikwa ikasagwa. Hicho mnachokisoma kwenye simu mkakiruka kwa sababu hamjui shayiri inauzwa wapi.

Na hapa ndipo napandwa na hasira, mnisamehe. Mchagga anahangaika na shayiri! Bibi yangu hakusoma kemia hata siku moja. Analoweka ulezi, anautandaza, anaufunika majani ya mgomba, siku mbili tatu umeota vijimkia vyeupe. Anaanika, anasaga, anapika mso, ule uji wa ulezi unaotiwa kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi. Sisi watoto tulikuwa tunachovya kidole, na alikuwa anatuacha tuchovye mara moja tu, kwa sababu alitaka kujua kutoka kwetu kama umeshakuwa mtamu. Ule utamu umetoka wapi? Ulezi si muwa. Mbegu inapoota inatengeneza vimeng'enya vya kukata wanga kuwa sukari ili mche ule. Bibi alimwibia mche chakula chake. Na mama zenu kliniki walifundishwa kutia unga wa kimea kwenye uji mzito wa mtoto, ukawa mwepesi. Ni jambo lile lile. Dawa ya kiazi iko Mbuyuni sokoni, inauzwa kwa kopo, na mtu ananiuliza kama anaweza kuagiza vimeng'enya kutoka China.

Haya, natia sasa. Vijiko viwili vya kimea cha ulezi. Angalieni kipimajoto kwanza, nyuzi 65. Ukitia kwenye viazi vinavyotokota umekiua kimea, usije kunilaumu. Ukitia kwenye viazi vya jana, vimepoa, kitafanya kazi kwa uvivu mpaka viazi viingie uchachu. Nakoroga, nafunika kwa blanketi. Kwa pipa la kilo 20 mimi ningeanzia kilo 2 za kimea. Baada ya saa moja na nusu, chota kidogo kwenye sahani, kipoe, dondoshea aiodini ya vidonda. Kikiwa buluu nyeusi, wanga bado upo. Kikibaki na rangi ya aiodini yenyewe, ita hamira.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Basi haraka haraka.

Sheria. Kuna sheria ya mwaka 1966 ambayo gongo inaiita kwa jina la mji wetu: moshi. Mtu anashtakiwa kwa kukutwa na moshi, naye yuko Moshi. Chekeni, lakini mtambo bila leseni ni kesi, na mimi sikuja na mtambo. Anayetaka kwenda mbele ya sufuria hii atafute leseni.

Upofu na vifo. Mnaogopa kikombe cha kwanza kinachotoka kwenye mrija, mnakimwaga chini mnajiona mmesalimika. Methanoli ndiyo pombe ya sumu inayopofusha, nayo hutoka kwenye pektini; kiazi kina pektini kidogo, hakitoi methanoli ya kutisha. Nairobi, Novemba 2000, walikufa zaidi ya watu 100 kwa sababu methanoli ya viwandani ilikuwa ndani ya pombe. Hiyo haimwagiki na kikombe cha kwanza, imo chupa nzima. Mtu akisema anaona ukungu, hata kama ni siku ya pili, ni hospitali, si maziwa. Kuna na mambo ya rejeta za gari za kupozea mvuke na madini ya risasi yaliyomo, na mapipa ya dawa za mimea, nilitaka kuyasema kwa urefu, basi.

Ndugu wa Arusha mliokuja, nyinyi mko mita 1,400 juu. Maji yenu yanachemka kwenye nyuzi 95, si 100. Zile nyuzi za kuchemsha mnazokariri kutoka kwenye mitandao ni za watu wa pwani.

Kijiografia nilikuwa na... Eh! Mmeona? Nani aliyekuwa anaangalia? Funua hilo blanketi, binti. Mwiko umelala. Na hivi viazi vinamwagika kama uji wa mgonjwa. Hapana, hakuna aliyeongeza maji, Mwenyekiti ni shahidi.

Njooni muonje. Kila mtu na kijiko chake, na wewe wa picha uwe wa mwisho.