Miche 62 na Ukuta wa Chokaa: Mazungumzo Mjini Pangani

Assalamu alaikum. Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo? Haya. Nimepewa nusu saa, na wanaocheka huko nyuma ni wanafunzi wangu wa zamani, wanazijua nusu saa zangu.

Tulipokaa mara ya kwanza kuzungumzia sherehe ya urithi wa mji wetu, kila aliyesimama alitaja boma, akataja Abushiri, akakaa. Hata mimi. Na si kosa. Mwaka 1888 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilikodishiwa pwani na Sultani Khalifa wa Unguja, na mtu wao hapa Pangani alikuwa Emil von Zelewski. Agosti ile akataka bendera ya kampuni ipepee, akamdharau liwali mbele za watu, mji ukachafuka. Abushiri bin Salim akashika uongozi, moto ukaenea pwani, Bwana Heri naye kule Saadani akasimama. Tarehe 15 Desemba 1889 Abushiri akanyongwa hapahapa Pangani. Zelewski, ambaye watu walimpa jina la Nyundo, alikutana na Wahehe wa Mkwawa kule Lugalo Agosti 1891, na hakurudi. Watoto wakifika hapo hupiga makofi. Siwakatazi.

Ila nami nina swali la kizee. Abushiri alikuwa na shamba la miwa hapo mtoni. Miwa ile ililimwa na nani? Haikujilima yenyewe. Waliolima ni watumwa, na wengine walipitishwa katika mji huuhuu wakavushwa baharini. Mtu aliyepigania pwani ndiye huyohuyo aliyemiliki watu. Tukiandaa igizo, na najua vijana wamekwisha kugawana nafasi, kanzu ya Abushiri inagombewa na watu wanne. Sijasikia hata mmoja aliyeomba kuwa mkata miwa.

Sasa tuvuke. Panda pantoni, shuka Bweni, endelea kusini mpaka Kikogwe. Pale, mwaka 1893, Mjerumani Richard Hindorf alipanda mkonge wa kwanza katika nchi hii. Asili ya mmea ule ni Mexico, na wenyewe walikuwa wakiulinda, kwa hiyo yeye akaagizia Florida. Wengine husimulia kwamba miche ilifichwa katika tumbo la mamba aliyekaushwa. Hadithi tamu, mimi huisikiliza mpaka mwisho na kumkaribisha chai msimulizi. Lisilohitaji mamba ni hili: ilisafirishwa miche 1,000, ikafika hai 62. Sitini na miwili! Unaweza kuipanga yote katika uwanja wa nyumba yako na bado ukapata pa kuanikia nguo. Kutoka hapo Tanganyika ikawa mzalishaji mkubwa wa mkonge duniani, na mwaka 1964 nchi ilizalisha zaidi ya tani 200,000.

Na mkonge nao haukujikata. Waliletwa watu kutoka mbali, Wanyamwezi, Waha, Wamakonde, Warundi, wakaandikwa kwa namba, wakaitwa manamba. Kuna wajukuu wao wamekaa humu ndani leo. Ninawaona. Mpaka leo kuna mtu akitaka kumtukana mwenzake sokoni humwita manamba, na mwenye kutukana huenda babu yake alikuwa na namba vilevile. Ombi langu kwa kamati ni kwamba kabla ya kupaka rangi ubao wowote, twende kwa bibi zetu walioishi makambini, tuwaulize walipika nini, walicheza ngoma gani Jumamosi, nani alizikwa wapi. Kuta za boma zitakuwepo mwakani. Bibi hatuna hakika naye.

Nimezitaja kuta, basi nikiri kosa. Miaka michache iliyopita tulichangishana kutengeneza baraza ya nyumba moja ya zamani. Mimi ndiye niliyesema tununue saruji, kwa sababu ni ngumu na hukauka upesi. Tukapiga lipu safi, tukapiga picha. Masika ya pili lipu ikavimba kama andazi, ikadondoka, na ikaondoka na kipande cha ukuta wa zamani. Fundi mmoja mzee akaja kutazama. Hakusema neno kwanza. Akasugua jiwe kwa kidole, akaramba kidole, akaniambia, "Chumvi, Mwalimu. Umeifungia ndani."

Nyumba hizi ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Ukuta huvuta unyevu kutoka chini na kuutoa nje, na chokaa inauruhusu. Saruji inauzuia. Maji yakikosa njia, chumvi huganda nyuma ya lipu na kuisukuma mpaka iachie. Wazee walijua hili bila semina. Walichoma matumbawe kwa kuni, wakaloweka chokaa shimoni kwa miezi, ndipo wakajengea.

Ugumu uko hapa: matumbawe hai hatuwezi kuyavunja tena, samaki watakimbilia wapi? Na boriti za mikandaa hazikatwi ovyo. Tazameni Maziwe pale mbele, kisiwa kilichokuwa na miti yake, leo ni fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa. Kwa hiyo hatuchomi matumbawe mapya. Tunakusanya mawe ya nyumba zilizokwisha kuanguka, na chokaa tunanunua iliyochomwa bara. Kuna wanaosema huo si urithi halisi. Mimi nasema wakapige lipu ya saruji kwao, nitakuja masika ya pili.

Jumamosi tunaanza na baraza ileile niliyoiharibu. Saruji yote itabanduliwa kwa patasi ndogo, si nyundo kubwa, tafadhali. Mabibi wawili wamekubali kukaa kivulini watusimulie habari za kambi wakati tunabandua, kwa hiyo aje na kijana mwenye simu ya kurekodi. Chokaa iko shimoni nyuma ya nyumba, imelowekwa tangu vuli. Tumeifunika kwa makuti. Watoto wasisogee, inaunguza, na atakayeikoroga avae viatu.