Mabeseni 6 na Sanduku la Sukari: Kusoma Diplomasia Pamoja na Taaluma za Kanda
(Mhadhara uliotolewa Malindi)

Assalaam aleikum. Wazee wangu, walimu wenzangu, na ninyi vijana mliomaliza shahada ya kwanza na sasa mnatafuta pa kusomea uzamili: nimeitwa nizungumzie masomo ya diplomasia, nami nimewaomba waandalizi idhini ya kuongeza jambo moja juu yake, nalo ni kanda, yaani eneo moja la dunia pamoja na lugha, historia na watu wake. Rai yangu ni kwamba shahada ya diplomasia isiyofungamanishwa na ujuzi wa kanda moja maalumu humtoa mwanafunzi akiwa na adabu nzuri za mkutanoni, lakini hana cha kuueleza mkutano wenyewe.

Mfano wa kwanza uko karibu nasi. Mwezi wa Aprili 1498 Vasco da Gama alitia nanga hapa Malindi, na mfalme wa mji, ambaye wakati ule alikuwa akishindana na Mombasa, alimpokea vizuri na kumpa rubani wa kumvusha hadi Calicut, bandari ya India. Wareno walimwita rubani huyo malemo, na bila shaka mmelitambua neno hilo: ni mwalimu, yule wa chombo, anayejua nyota na majira ya pepo. (Kwamba alikuwa Ahmad ibn Majid, baharia maarufu wa Kiarabu, ni hadithi tunayoipenda sana pwani, ila wanahistoria wengi hawaikubali tena.) Chombo kilifika salama mwezi wa Mei, kilichokwama ni ujumbe. Da Gama alikuwa na barua za mfalme wake, moja ya Kireno na moja ya Kiarabu, na kwa upande wa itifaki hakuwa na kosa. Lakini zawadi alizomwandalia Zamorin, mtawala wa Calicut, zilikuwa vitambaa 12 vya mistari, kofia, mikufu ya marijani, mabeseni 6 ya kunawia, sanduku la sukari, na mapipa ya mafuta na asali. Maofisa wa Zamorin walipoziona walicheka, wakamwambia kwamba hata mfanyabiashara fukara atokaye Makka huleta zaidi ya hapo. Mwanadiplomasia yule alikaa Malindi siku kadhaa, katika mji uliojaa watu waliofanya biashara na India, na bado akafika Calicut na mabeseni yake.

Shahada ya uzamili ya diplomasia, iwe ya Nairobi, ya Dar es Salaam au ya ng'ambo, hufundisha mambo yanayofanana kwa kiasi kikubwa: historia ya uhusiano wa kimataifa, sheria za kimataifa, mbinu za majadiliano, uchumi wa dunia, na utaratibu wa kazi za ubalozi. Nguzo yake ni Mkataba wa Vienna wa 1961 juu ya uhusiano wa kidiplomasia, wenye ibara 53, na wanafunzi wengi hukariri ibara ya 22 juu ya kinga ya majengo ya ubalozi kwa sababu ndiyo inayosisimua. Mimi huwarudisha kwenye ibara ya 3, inayotaja kazi za ubalozi, na miongoni mwa kazi hizo imo ya kuchunguza, kwa njia zote za halali, hali na mambo yanayotokea katika nchi mwenyeji na kuiarifu serikali ya nyumbani. Kazi hiyo haifanyiki kwa itifaki. Hufanywa na mtu anayeweza kusoma magazeti ya nchi ile, anayejua koo zake na vyama vyake, na anayetambua ni nani ananyamaza katika kikao na kwa nini.

Ujuzi wa namna hiyo ndio huitwa taaluma za kanda, na sitawaficha kwamba nasaba yake ina doa. Chuo cha SOAS cha London kilifunguliwa mwaka 1917, na sehemu ya shabaha yake ilikuwa kuwaandaa maofisa wa dola ya Uingereza waliokuwa wakienda kutawala Asia na Afrika. Marekani nayo ilianza kugharimia vituo vya lugha na kanda kwa sheria ya 1958, mwaka mmoja baada ya Warusi kurusha Sputnik, setilaiti yao ya kwanza. Katika mipango yote miwili sisi tulikuwa kanda inayosomwa. Wapo wenzangu wanaosema kwa sababu hiyo tuiache taaluma yenyewe. Mimi naona ni hasara mara mbili kusomwa na wengine kisha nasi tukakataa kuwasoma jirani zetu.

Tazameni kesi ya mpaka wa bahari baina ya Kenya na Somalia. Tarehe 7 Aprili 2009 nchi hizi mbili zilitia saini hati ya maelewano, na mwezi wa Agosti mwaka huohuo bunge la mpito la Somalia likaikataa. Mwaka 2014 Somalia ilifungua kesi katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Mwaka 2017 mahakama ikasema hati ile ni mkataba halali lakini haiizuii kusikiliza shauri. Na tarehe 12 Oktoba 2021 ikahukumu kwamba hapakuwa na mpaka uliokubaliwa, ikakataa mstari wa Kenya uliofuata latitudo, na ikachora mstari wa umbali sawa kutoka pwani za nchi zote mbili, uliorekebishwa kidogo. Kenya ilikuwa imejitoa kwenye usikilizaji, na baadaye Kenya ikaikataa hukumu hiyo.

Mwanafunzi wa diplomasia peke yake atawaeleza vizuri uhalali wa saini ile ya 2009. Mwanafunzi wa kanda atawaeleza kwa nini serikali dhaifu ya Mogadishu isingeweza kuonekana ikikubaliana na jirani juu ya bahari, na kwa nini neno mpaka lina uchungu wake kwa Wasomali tangu Uingereza ilipoikabidhi Jubaland, ambayo leo ni sehemu ya Somalia, kwa Italia kwa mkataba wa 1924. Naye atakumbuka Wabajuni, ambao wako Kiunga na Kiwayuu upande huu, na katika visiwa vya Koyama, Chovai na Chula upande wa pili, na ambao lugha yao na nyavu zao zilivuka mahali hapo kabla ya mstari wowote kuchorwa. Ilihitajika akili moja iliyobeba elimu zote mbili, na hiyo ndiyo shahada ninayoipigia debe.

Sasa, namna ya kuziunganisha. Hatari ni kuzigusa zote mbili juu juu: masomo manne ya diplomasia hapa, moja la Mashariki ya Kati pale, na mwanafunzi akatoka na vipande viwili visivyojuana. Kiungo ni tasnifu. Chagua swali moja ambalo halijibiki ukiondoa upande mmojawapo, kwa mfano jinsi Oman inavyojiendesha kama mpatanishi katika Ghuba, au jinsi Komoro inavyodai Mayotte, iliyobaki chini ya Ufaransa. Kisha ndipo uyachague masomo ya hiari, yawe watumishi wa swali hilo. Wengi hufanya kinyume, nami nilifanya kinyume, na nilitumia miezi mitano kutafuta swali la kufanana na masomo niliyokwisha kuyalipia.

Lugha isingoje kusajiliwa. Mwaka mmoja au miwili ya uzamili haitoshi kujifunza Kiarabu, Kisomali au Kifaransa tangu mwanzo, na hapa niseme jambo ambalo wazee wataniwia radhi: wengi wetu tumehitimu madrasa na tunasoma Kiarabu kwa sauti nzuri mno, lakini tukipewa gazeti la Muscat tunatafuta mkalimani. Msingi tunao, anzeni kusoma habari, hata ukurasa mmoja kwa siku.

Juu ya ajira sitasema mengi, maana wizara haiwezi kuwachukua nyote. Ila IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika na jirani zake, iko Djibouti, Umoja wa Afrika uko Addis Ababa, Jumuiya ya Afrika Mashariki iko Arusha, na sekretarieti ya nchi zinazopakana na Bahari ya Hindi iko Mauritius.

Walioleta maombi yao ya chuo wayatoe sasa tuyasome pamoja. Nitakuwa hapa mpaka adhana ya magharibi, na nitaanza na wale ambao bado hawajaandika swali la tasnifu.